Vidole Vinne vya Akiba

Mlio ninaoukumbuka mpaka leo si wa cherehani, ingawa watu wakisikia niliishi kwa fundi hudhani ni huo. Ni mlio wa kitambaa kibichi kikikung'utwa. Pwaa! Kisha kimya kidogo, kama mtu anayesubiri kujibiwa, kisha tena: pwaa! Ilikuwa asubuhi yangu ya kwanza Kisarawe, ukungu umeshuka mpaka vizingitini, nami nimejikunja kwenye mkeka ndani ya nyumba ya watu nisiowajua, nikadhani huko uani kuna mtu anachapwa. Nikatoka mbio na kanga begani. Nikamkuta kibibi kidogo, mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi mwekundu kisogoni, ameshika ncha mbili za kitambaa kirefu kuliko yeye, anakirusha hewani na kukivuta kwa mpigo mmoja mpaka matone yanamrukia usoni. Nikamwambia shikamoo. "Marahaba. Wewe ndiye Sikudhani wa Janga? Shika upande ule. Usivute, umeambiwa uvute? Shika tu, usikilize." Nikamuuliza nisikilize nini. "Pamba," akasema. "Ile ya mchanganyiko inalia kama karatasi. Hii inalia kama mtu mzima aliyeudhiwa. Haya, tena." Pwaa! Ndivyo nilivyoanza kazi kwa Bi Heri, kabla hata sijanawa uso.

Habari za kwetu Janga naziruka. Walinizaa, walinilea, shamba la mihogo liko palepale. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Kidato cha nne nilikuwa nimekimaliza kwa matokeo ambayo hata aliyeyabandika ukutani nadhani aliona aibu kidogo. Wenzangu walikuwa wakizungumzia kazi za Kwala, kwenye viwanda na kule kunakoshushwa makontena, na mimi sikuzidharau. Ila nilikuwa na ugonjwa wa kuota. Nikiona pazia naona gauni, nikiona gauni naona mtu anashuka ngazi na watu wamesimama. Kwetu hakuna ngazi. Shangazi yangu, aliyewahi kuuza machungwa Kisarawe, akasema kuna bibi huko ana ugonjwa kama wako, tena wa siku nyingi, labda mtatibiana.

Naandika haya kwa sababu ya neno nililolisikia mwezi uliopita. Nilikuwa Tangini, kwenye shughuli ya binti wa Mjomba Shomari. Si mjomba wangu wa damu. Ni mtoto wa kaka yake Bi Heri, na uani pale Kisarawe sote tulimwita hivyo. Nimekaa mkekani na sahani yangu ya pilau, nyuma yangu wamekaa kina mama wawili waliopendeza sana, wanamsema mtu huku wakila kachumbari. Mmoja akasema, "Ndiye yule." Mwenzie akauliza, "Yupi?" "Huyo mwenye gauni la mikono mipana. Ndiye aliyegawa nguo za marehemu kama mtumba. Nguo za kuwekwa kwenye kabati watu waje kuziona! Leo ukienda sokoni unalikuta gauni la yule bibi limevaliwa na muuza mihogo, lina mafuta mpaka kwapani." "Hee! Urithi wote ule?" "Umepotea, shoga. Umepotea." Sikugeuka, ingawa ile mikono mipana ilikuwa yangu. Nilitafuna nyama yangu taratibu, maana ilikuwa nyama nzuri na haikunikosea kitu. Lakini moyoni nikasema: subirini. Mimi sijui kusema mbele za watu waliopendeza, ila kuandika nitaandika.

Bi Heri mwenyewe alikuwa nani, basi. Watu wa umri wangu hawamjui kwa jina, ila mama zao wamevaa kazi ya mikono yake. Alizaliwa hukohuko Kisarawe, akaondoka akiwa msichana, akachora kanga kwenye kiwanda mjini Dar es Salaam kwa miaka mingi. Pindo, mji, ua la katikati, vyote kwa penseli aliyoichonga kwa wembe. Kisha akaanza kuvisha watu wa jukwaani: vikundi vya ngoma, waigizaji, wapiga tarumbeta, mpaka waliokwenda ng'ambo kucheza mbele ya wakubwa wa huko walikwenda wamevaa mkono wake. Alisafiri nao, akiwa na sindano kwenye kola. Alisoma tenzi kwa sauti akiwa anapiga pasi. Alibishana na redio. Hakuzaa. Alipoona mji umemchosha akarudi Kisarawe, akajenga nyumba ndefu yenye uwanja wa saruji nyuma, akasema yeyote mwenye ngoma, wimbo au shairi aje afanyie mazoezi hapo, na atakula. Wakaja. Miaka yote hiyo wakaja, wakala.

Sebule yake ilikuwa na picha mpaka juu ya dari, maana wachoraji waliopita pale walikuwa wakila na kuacha picha. Kulikuwa na moja ya mbuzi aliyevaa suti, ananitazama kila nikifagia, na Bi Heri alikataa katakata kuiondoa. "Huyo namjua," alisema. "Alikuwa bosi wangu." Chumba cha kushonea kilikuwa kinanuka chaki, mafuta ya cherehani na tangawizi. Meza ya kukatia ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya mapipa, kitasa bado kipo, na ukutani pamepigiliwa misumari mingi, kila msumari unaning'inia uzi wenye mafundo. Hizo nyuzi ndizo vipimo vyake. Hakupima kwa tepu. Alikuzungushia uzi, akafunga fundo la bega, fundo la kifua, fundo la kiuno, fundo la nyonga, akautundika, na toka siku hiyo wewe ulikuwa pale ukutani. Mwanzoni nilizichanganya zote, kwangu ulikuwa uzi tu. Yeye aliupitisha mkono bila kutazama akasema, "Huyu ni Mwalimu Elia, bega la kulia limeshuka kwa kubeba kinanda."

Jumamosi mchana ndizo zilizokuwa siku zenyewe. Tunapika bada, ule ugali wa muhogo, kwenye sufuria kubwa, kisamvu cha nazi, papa mkavu kama amepatikana, na watu wanaingia mmoja mmoja. Wapiga ngoma wazee waliozaliwa pale pale wanakaa upande wa jua. Kwaya ya usharika, na huyo Mwalimu Elia wao, inakaa upande wa kivuli. Mama Pili, muuza mihogo ya kukaanga, anaingiza beseni lake katikati kwa kisingizio cha kupumzika na anauza lote. Na Ngongoti, kijana wa bodaboda, mrefu mpaka anainama kwenye kila mlango, anajifanya amekuja kuleta mtu, halafu haondoki. Ubishi hauishi. Mzee mmoja anasema, "Mwalimu, hiyo ngoma yetu mnaipiga kama mnabisha hodi kwa mtu msiyemjua." Mwalimu Elia anajibu, "Sisi wapole, mzee wangu, tunaanza kwa hodi." "Basi mkikaribishwa mwingie!" Bi Heri anacheka mpaka miwani inamtoka. Mimi, niliyelelewa nikiambiwa mtu wa kwaya na mtu wa maulidi wanasalimiana tu barabarani, niliwatazama wakigombea mfupa mmoja wa papa nikaona dunia ni pana kuliko nilivyoambiwa.

Kiangazi kilipoanza akanifungulia masanduku. Sijawahi kuona kitu kama kile, na sitajifanya nina maneno ya kitabuni ya kukieleza. Kulikuwa na gauni la zambarau la malkia wa maigizo, mabega yake mapana kama mabawa. Joho la mganga lililoshonwa kwa vipande vya kanga na magunia ya korosho. Koti la kijani la mpiga tarumbeta lenye vifungo vya kifuu. Miaka sitini ya mikono ya mtu mmoja, imekunjwa na majani ya mwarobaini. Nikamuuliza, "Tunazifanyia onyesho, Bi Heri?" Akasema, "Tunazipunguza na kuziongeza." "Kwa ajili ya nani?" Alikwenda barazani, akaketi na kahawa yake, akawa anatazama watu wanavyopita. Siku ya tatu au ya nne akapiga kelele: "Mama Pili! Njoo na mihogo yako!" Mama Pili akaja, akatua beseni, na kabla hajafunua kitambaa uzi umeshamzunguka kifuani. Akaruka. "Jamani! Unanipimia sanda, Bi Heri?" "Sanda haina kiuno. Geuka." "Sasa mihogo hutaki?" "Nataka mihogo na nakutaka wewe. Nyoosha mkono. Unajua unavyotembea na hilo beseni? Kuna mwanamke nilimlipia miezi mitatu ya mafunzo ili atembee hivyo jukwaani, na hakuweza." Mama Pili akatazama chini, akatazama juu, akacheka kwa aibu kama msichana, halafu akasahau kuchukua hela ya mihogo, nikamkimbilia nayo.

Hivyo ndivyo mwaka ulivyokwenda. Mtu anapita, anaitwa, anapimwa kwa kisingizio, na jioni tunakaa mimi na Bi Heri tunafumua nguo aliyovishwa mtu mwingine zamani ili imkae huyu. Na hapo ndipo tulipogombana. Fundi aliyenifundisha mwanzo kule Kibaha alinifunza kukata mshono karibu, unyoe ziada yote, nguo ionekane safi kwa ndani. Nikamnyolea Bi Heri gauni moja hivyo, nikampelekea kwa majivuno. Akaligeuza ndani nje, akauliza, "Nani amekufundisha uchoyo huu?" Nikasema ndio usafi. Akaweka vidole vyake vinne juu ya meza, vimebanana. "Kipimo cha akiba ni hiki. Ndani ya kila mshono. Mtu hanunui nguo, Dhani, ananunua miaka. Mwaka huu ana kiuno, mwakani ana mtoto, mwaka mwingine ameugua amekonda, akipona amenenepa kwa furaha. Nguo isiyo na akiba inamwambia mtu: kaa hivyohivyo, usibadilike, ukibadilika sikutaki. Wewe ungependa kuambiwa hivyo?" Nikasema hapana. "Basi usimwambie mwenzio kwa sindano." Tangu siku hiyo sijawahi kunyoa mshono. Mafundi wenzangu pale Maili Moja, ninakoshona siku hizi, wananicheka, wanasema namaliza kitambaa cha wateja kwa kukificha. Wacheke. Wateja wangu wanarudi baada ya kujifungua na gauni lilelile.

Mjomba Shomari alikuja mara nyingi mwaka ule, na nataka niseme haki yake: alimpenda shangazi yake. Alikuwa amestaafu, ana nyumba kubwa Tangini, na kila akija alileta matunda, dawa za presha, betri za redio. Alikuwa akigusa nguo zile kwa ncha za vidole kama mtu anayegusa kichwa cha mtoto mchanga. Alasiri moja nilikuwa nafagia vipande nyuma ya pazia, nikawasikia sebuleni. "Shangazi, hizi nguo ni historia." "Historia ya nani? Waliozivaa wameondoka. Nguo zenyewe hazijaondoka." "Zitaliwa na nondo." "Afadhali ziliwe na jasho." "Nimetenga chumba kizima. Makabati ya vioo, taa ndani yake, jina lako juu. Watoto wa shule waje waone bibi yao alifanya nini." "Na mimi nitakuwa wapi?" Akababaika. "Sema tu nitakuwa nimekufa, Shomari, neno lenyewe haliumi." Nikasikia kikombe kinawekwa. Kisha Bi Heri akasema kwa sauti nyingine kabisa, laini, "Ulipokuwa darasa la kwanza nilikushonea kaptula. Ya kaki. Unaikumbuka?" "Nitaisahau vipi? Nililala nayo." "Iko wapi?" "Iliisha, shangazi." "Iliisha wapi?" Mjomba akasita. "Matakoni." Wakaangua kicheko wote wawili, cheko la watu wa ukoo mmoja, lenye mluzi mwishoni. Bi Heri alipopata pumzi akasema, "Basi katika kazi zangu zote, hiyo ndiyo bora." Mjomba akaaga akiwa bado anafuta macho. Lakini nilimwona mlangoni anapima kwa jicho urefu wa masanduku. Alicheka, ila hakuwa amekubali.

Masika ilipoanza Bi Heri akaanza kuchoka. Alikaa kitini, mimi nikashona, yeye akasikiliza. Siku moja, mvua inapiga bati mpaka tunasemezana kwa kelele, akaniambia, "Nguo zina wenyewe. Nyuzi zipo ukutani. Watakapokuja na makabati, wewe useme." Nikamwambia, "Mimi ni nani wa kusema? Mimi si ndugu." "Ndiyo maana. Ndugu watakuwa wanalia." Baada ya siku chache, asubuhi, nilimpelekea chai ya tangawizi barazani, nikaingia ndani kuchukua sukari, nikarudi, na alikuwa ameondoka, chai bado inafuka moshi, kidole gumba kimeshika pindo la kanga aliyojifunika kama mtu anayejua pamba ile ni ya wapi. Nilipiga kelele, Mama Pili akaja mbio na mikono ya unga. Wakamvika sanda, nguo ya kwanza maishani mwake isiyo na mshono wala akiba, maana safari hii hakuwa wa kunenepa tena.

Kwetu, arobaini ikifika, dua ikisomwa na watu wakila, nguo za marehemu hutolewa nje na kugawanywa kwa ndugu. Ni desturi na ni nzuri. Mtu anaondoka na kipande cha mpendwa wake. Siku ile nguo zake za kawaida ziligawiwa bila neno, kanga kwa dada, shuka kwa binamu. Kisha Mjomba Shomari akasimama, akakohoa, akasema masanduku yale makubwa si nguo za kugawana, ni hazina, gari liko nje, yeye atayabeba akayahifadhi kwa heshima ya ukoo mzima. Wengi wakaitikia kwa vichwa. Mzee Kibwana, mkubwa wa ukoo, akauliza kwa taratibu za kawaida kama kuna mwenye neno. Nilikuwa nimekaa na wanawake karibu na masufuria. Nikainua mkono mmoja, na ulikuwa na masizi.

"Shikamooni," nikasema. "Zina wenyewe." Sauti ya kike ikatoka upande wa ndugu: "Huyu nani?" Mwingine: "Si yule msichana wa kazi?" Mwingine akamalizia, "Mtoto wa Janga, amekuja juzi, leo anagawa mirathi!" Watu wakacheka, na mimi machozi yakanijaa, maana nalia haraka, ndivyo nilivyo. Lakini nikiwa nalia huwa siachi kusema. Nikasema Bi Heri alizipunguza na kuziongeza mwaka mzima kwa ajili ya watu wa hapa, na nyuzi zao ziko ukutani. Mzee Kibwana akauliza, si kwa ukali, "Alisema hivyo mbele ya nani, binti yangu?" Nikasema mbele yangu. "Peke yako?" Peke yangu. Akatikisa kichwa kwa huruma. Mjomba akasema, naye kwa upole, na upole ule ndio uliouma, "Dhani, najua unampenda. Lakini zikivaliwa zitaisha. Unaelewa? Baada ya miaka mitano hakutakuwa na kitu. Zikikaa kwenye kabati, mjukuu wa mjukuu wako ataziona."

Nikaenda kwenye sanduku, nikalitoa lile gauni la zambarau, nikaligeuza ndani nje mbele ya watu wote, jambo ambalo fundi mwenye haya hafanyi, na nikaweka vidole vyangu vinne ndani ya mshono wa ubavuni. "Mjomba, tazama. Hii ni kazi ya mwaka huu. Alikuwa ananitazama nikishona, na alinifumulisha mara mbili akiba ilipopungua. Kama alikuwa anaandalia kabati, hii akiba ya nini? Kabati halinenepi!" Mtu mmoja akacheka, sidhani kwa dharau. Nikamwita Mama Pili. Akaja anajifuta mikono, akavalishwa juu ya nguo zake palepale nyuma ya kanga mbili walizoshika wanawake, na gauni likafika kifuani likagoma. Vicheko! "Limemkataa!" mtu akapiga kelele. Mama Pili akatoa kichwa juu ya kanga, amekasirika kwelikweli. "Halijanikataa! Ni pilau la msiba wenu, siku arobaini mnanilisha, mlitaka nikonde?" Nikachukua wembe, nikafumua ubavu wa kushoto na wa kulia, nikaachia upana wa kidole kimoja, nikapiga bandi, ule mshono wa muda, kwa uzi mweupe hapohapo nimepiga magoti. Wakashusha kanga.

Sijui nieleze vipi. Alikuwa Mama Pili yuleyule, na alikuwa malkia. Alisimama kama anayebeba beseni lisiloonekana, akatembea hatua chache tu mpaka kwenye nguzo ya uwanja na kurudi, na wale wapiga ngoma wazee, bila kuambiwa na mtu, wakasimama.

Mimi nikamgeukia Mjomba. Neno likanitoka: "Mjomba. Ile kaptula ya kaki iliishia wapi?" Wengine hawakuelewa. Yeye alielewa. Akanitazama, akajua kuwa nilikuwa nyuma ya pazia siku ile, na nikadhani atanifukuza. Midomo ikamcheza. Kisha likamtoka lile cheko la ukoo lenye mluzi, katikati ya arobaini, na likageuka kilio kabla halijaisha. Alipotulia akamwambia Mzee Kibwana, "Ziacheni. Ziende kwa wenyewe. Mimi naomba moja tu, ile ya bluu iliyo humo, aliyokuwa akiivaa shangazi mwenyewe." Hakuna aliyebisha. Ile ya bluu ilikuwa ndogo, isingemtosha mtu mzima yeyote Kisarawe. Jioni ile watu walirudi makwao wamevaa: Mwalimu Elia na koti la kijani, bega lake moja limeinuliwa kwa pamba ndani ili yawe sawa, Ngongoti juu ya pikipiki yake na joho la mganga linapepea nyuma, anapiga honi mtaa mzima.

Sasa wale kina mama wa Tangini wanasema urithi umepotea. Nawajibu. Gauni la zambarau limefumuliwa tena mara mbili tangu siku ile, Mama Pili ameozesha nalo mabinti wawili, na ndiyo, siku hizi anakaangia mihogo nalo, na lina mafuta kwapani. Koti la Mwalimu Elia limechanika kiwiko, nimelitia kiraka mimi mwenyewe. Joho la Ngongoti limekwisha kabisa; kipande cha mwisho kilimbebea mwanawe mgongoni. Mjomba alisema kweli, zinaisha. Mimi sikuwahi kukataa kuwa zitaisha. Ninachokataa ni hilo neno "kupotea". Kitu kilichopotea hukijui kiliko. Hizi mimi najua kila moja iliko, imo katika mwili wa nani, na inanuka nini. Wanasema tuliutupa urithi. Tuliuvaa.

Siku ile Tangini nilipomaliza pilau nikaomba maji ya kunawa, wakanielekeza ndani. Nikapita kile chumba alichokitenga Mjomba. Mlango ulikuwa wazi. Kabati moja la kioo, taa ndani yake inawaka mchana kweupe, na gauni la bluu limetundikwa kwenye henga ya mti, mabega yake madogo yamefanya vumbi jeupe. Jina la Bi Heri liko juu, limeandikwa vizuri. Ufunguo ulikuwa kwenye kitasa. Nje ngoma ilikuwa inapigwa na hakuna aliyekuwa anaangalia upande wangu.

Nikafungua. Nikalitoa gauni, nikatoka nalo kwa mlango wa jikoni mpaka uani nyuma, palipo na kamba ya nguo na soksi za shule za watoto. Nikashika ncha mbili za mabega, nikarusha, nikavuta. Nguo kavu hailii kama mbichi. Ilitoa sauti ndogo, kama mtu anayesafisha koo baada ya kukaa kimya sana. Nikasubiri. Nikarudia, na safari hii ikalia vizuri zaidi. Kisha nikaligeuza ndani nje, kama alivyonifunza, nikalisogeza upande wa kivuli, nikalibana kwa vibanio viwili kati ya soksi, na upepo ukaingia kwenye mishono, ukainua ile akiba yote ya vidole vinne ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuihitaji.